Macho kwanza, mashine baadaye

Siku hizi gereji hupimwa kwa mashine iliyonayo. Mwenye gari akifika na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, anachouliza kwanza ni kama mashine ya kupimia ipo. Akiambiwa ipo, anatulia. Kebo inachomekwa chini ya usukani, namba inajitokeza kwenye kioo, na papo hapo watu wanaanza kuzungumza bei ya spea.

Fundi ninayemweleza hapa mashine anayo. Anaihifadhi kwenye sanduku la mbao chini ya benchi, ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisiifikie, na anajua kuitumia. Lakini kati ya vifaa vyote vya gereji yake, hicho ndicho hutoka mwisho. Kabla yake hutangulia tochi, tambara, kipande cha boksi, kioo cha pembeni cha bodaboda kilichokatika shingo, na muda mrefu wa kutazama ambao mteja mwenye haraka huuona kuwa uvivu.

Gereji yenyewe ni kiwanja cha udongo Mwananyamala, Dar es Salaam, chenye mwarobaini mmoja mkubwa na ua wa mabati. Magari yanayoingia humo ni yaleyale yanayojaza foleni za jiji: IST, Vitz, Noah, Corolla, RAV4. Karibu yote yalitumika Japani kwanza, yakaja kwa meli, yakaanza maisha ya pili kwenye joto, vumbi na matuta. Fundi ana umri wa kuamkiwa shikamoo na kila anayeingia. Vijana wawili wanaojifunza kwake wanamwita mzee. Mmoja amepitia chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe na ana cheti. Mwingine amejifunzia palepale chini ya mwarobaini, na kwa kazi hii ya kutazama sikuona aliyemzidi mwenzake.

Gari la siku hiyo lilikuwa IST ya rangi ya fedha, ya lile toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Mwenyewe, dada mmoja mwenye duka, alikuwa amelileta jioni iliyotangulia na malalamiko ambayo mafundi wa Dar huyasikia kila wiki: likisimama kwenye foleni injini inatetemeka, mara nyingine linazima kwenye mataa, taa ya injini haizimiki, lakini likishakimbia barabarani linatulia, huwezi kujua kama lina ugonjwa. Gereji aliyokwenda kabla walipima kwa mashine, wakambadilishia plagi, kisha sensa ya oksijeni. Fedha zilikwenda, mtetemo ukabaki.

"Liache lilale hapa, dada yangu," fundi alimwambia. "Nalitaka asubuhi, kabla halijawashwa."

Ombi hilo lina sababu zake. Injini iliyopoa huonyesha mambo ambayo iliyo moto huyaficha. Oili yote imeteremka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, hivyo kipimo chake ni cha kweli. Mfuniko wa rejeta unaweza kufunguliwa bila hatari. Injini ikiwa moto, maji yaliyo ndani yako chini ya mgandamizo unaoyawezesha kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na anayefungua wakati huo hurushiwa mvuke usoni. Mipira iliyovimba kwa joto imerudi kwenye umbo lake, na mkono unaweza kuibonyeza. Na chochote kinachovuja kimepata usiku mzima wa kudondoka.

Kudondoka huko ndiko alikoanzia. Jioni ile, kabla hajaondoka, alikuwa amelaza chini ya injini boksi kubwa lililokunjuliwa, upande mweupe ukitazama juu, na kuchora kwa chaki mahali gurudumu la mbele la kulia liliposimama. Asubuhi alichuchumaa, akalivuta boksi taratibu bila kuliinamisha, akalilaza chini ya mwanga wa jua. Vijana wakasogea. Hakusema kitu, aliwaachia wasome wao.

Boksi husomeka kwa rangi, mahali na mguso. Doa la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu huenda ni oili ya ghiaboksi, ila Toyota nyingi hutumia kulanti nyekundu au ya waridi, na hapo rangi peke yake haitoshi: kidole kikiteleza ni oili, kikibaki chepesi na kuacha utando wa kunata wenye harufu tamu ni kulanti. Kunusa kunatosha, kulanti ni sumu, na hakuna fundi mwenye akili anayeionja. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, upande wa miguu ya abiria wa mbele, ni jasho la kiyoyozi, na gari lisilodondosha maji hayo baada ya safari ya joto huku kiyoyozi kikifanya kazi ndilo la kutilia shaka. Boksi la IST lilikuwa na doa moja dogo la kahawia, upana wa sarafu, karibu na alama ya chaki. Kijana mmoja akasema, "Oili, mzee." Fundi akaitikia kwa kichwa, akalisimamisha boksi kwenye ua. Doa dogo namna hiyo haliwezi kuzima gari kwenye mataa, lakini halikutupwa. Lilisubiri zamu yake.

Maswali nayo yalikuwa yamekwisha kuulizwa jioni ile, na nimeyaweka nyuma ya boksi kwa kuwa yeye mwenyewe huyachanganya hivyo: anasikia kwanza, halafu anatafuta ushahidi kana kwamba hakusikia. Lilianza ghafla au polepole? Linasumbua zaidi likiwa limepoa au likishapata moto? Limewahi kuchemsha? Mara ya mwisho nani aliligusa, na aligusa nini? Hili la mwisho aliliuliza mara mbili, kwa maneno tofauti. Dada akakumbuka mara ya pili kwamba tatizo lilianza polepole, na kwamba kabla ya plagi na sensa, mtu alikuwa amembadilishia gasketi ya juu ya injini kwa sababu oili ilikuwa ikivuja.

Boneti ikafunguliwa. Hapa ndipo nilipoanza kumstahi mtu huyu. Aliisimamisha kwenye nondo yake, akarudi hatua moja nyuma, akafunga mikono mgongoni. Vijana nao wakafunga yao. Ni sheria ya gereji: dakika za mwanzo hakuna anayegusa. Mkono ukiingia mapema unasogeza waya uliokuwa umelegea, unafuta alama ya vumbi, unarudisha klipu iliyokuwa imechomoka, na ushahidi unapotea kabla haujaonekana. Nimewahi kuona gereji ambako kijana anapanda juu ya bampa na spana mkononi boneti ikiwa bado inapanda. Mwendo huo unapendeza machoni pa mteja. Anaondoka akiamini amehudumiwa.

Baada ya kutazama kwa umbali aliinamisha uso karibu na injini, akavuta pumzi kwa pua. Petroli mbichi ina harufu isiyofichika, na ikisikika asubuhi juu ya injini iliyolala, kazi yote husimama hadi chanzo kipatikane, kwa sababu hapo habari si ya kutetemeka tena, ni ya moto. Oili iliyodondokea bomba la moshi huacha harufu kali ya kuungua. Kulanti huacha utamu. Waya ulioungua una harufu yake. IST haikutoa hata moja kati ya hizo.

Ndipo tochi ikawashwa. Hakuimulika kutoka juu. Aliishika chini, karibu usawa wa betri, ili mwanga upite juu ya injini kwa ubavu. Mwanga wa kutoka juu huonyesha rangi. Wa ubavuni huonyesha unyevu, kwa sababu sehemu mbichi hung'aa na kavu hubaki bila mng'ao. Akausogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka juu kushuka chini, bila kuruka mahali, hata pale ambapo mimi niliona hapana kitu.

Alichokuwa akikisoma kwanza ni mikono ya waliomtangulia. Bolti ambayo haijaguswa tangu kiwandani ina vumbi na rangi ileile kila upande. Iliyofunguliwa ina mikwaruzo kwenye pembe zake, sehemu inayong'aa pale spana iliposhika. Akahesabu kwa kidole, bila kugusa, bolti zote za tapeti kava, mfuniko unaokaa juu ya ile gasketi: zote zilikuwa na alama. Kingoni silikoni ya kijivu ilikuwa imefinywa ikatoka nje, kubwa kuliko inavyohitajika. Klipu moja ya plastiki ya kushikia nyaya haikuwepo. Kwa hiyo maneno ya dada yalikuwa kweli, na aliyefanya kazi ile alikuwa mtu wa haraka. Fundi hakumsema vibaya. Alimwambia kijana, "Alipopita huyu, na sisi tupite," kisha akaurudisha mwanga mwanzo.

Oili inayovuja ina tabia ambayo mgeni haijui. Inashuka chini kwa uzito wake, na gari likikimbia upepo unaisukuma nyuma. Matope meusi yanayoonekana chini ya injini, basi, mara nyingi yako mbali na mahali oili inapotokea. Fundi hufuata njia ya matope kupanda juu na kuja mbele, hadi pale vumbi linapoacha kuwa tope na kuwa vumbi kavu tena. Mpaka huo ndio chanzo. Kwenye IST njia ilipanda ubavuni mwa injini ikaishia chini kidogo ya ile silikoni ya kijivu, kwenye kona. Hilo ndilo lililokuwa doa la boksi. Gasketi ilibadilishwa, kona moja haikukaa sawasawa, oili inatoka kidogokidogo. Tatizo la kweli, lakini si lile lililoleta gari, na mafundi wengi wangeishia hapo kwa furaha ya kupata kitu.

Sasa mikono ikaruhusiwa. Akachomoa dipstiki, akaifuta kwa tambara jeupe, akairudisha hadi mwisho, akaichomoa tena na kuilaza mlalo asiharibu usomaji. Kiwango kilikuwa juu kidogo ya nusu kati ya alama mbili. Kisha akatazama tambara, si dipstiki. Weusi wa oili peke yake haumtishi. Oili huwa nyeusi kwa kuosha uchafu, na ya dizeli huwa nyeusi mapema sana. Alichotafuta ni vipande vya kumetameta vinavyoonyesha chuma kinasagana, harufu ya petroli, na rangi ya chai ya maziwa inayotokea maji yakichanganyika na oili. Akafungua mfuniko wa kujazia oili, akaugeuza juu chini mbele ya tochi. Utando wa krimu hapo unaweza kumaanisha gasketi ya silinda hedi imeungua. Unaweza pia kuwa unyevu tu wa gari linalokwenda safari fupi fupi bila injini kupata moto wa kutosha. Aliyesoma ishara moja tu hufungua silinda hedi ya mtu bure. Ndiyo maana anatazama mfuniko, dipstiki na rejeta, akisubiri vitatu hivyo vikubaliane.

Rejeta haikuwa na jambo la kukubaliana nalo. Kulanti ilikuwa ya waridi, safi, imejaa hadi shingoni, bila mafuta yanayoelea juu. Hili si la kawaida katika jiji ambalo magari mengi hujazwa maji ya bomba, au mabaya zaidi, maji ya kisima chenye chumvi, hadi ndani ya rejeta kunakuwa na tope la kutu. Akatazama pia mpira wa mfuniko, maungio ya mipira mikubwa miwili, na kile kitundu kidogo chini ya wota pampu ambacho huanza kulia machozi pampu ikichoka. Kulanti iliyovuja na kukauka huacha ukoko wa waridi au mweupe. Hapakuwa na ukoko. Akapita.

Kwenye betri alipita haraka pia. Temino zilikuwa na unga mweupe kidogo, akazishika na kuzizungusha kwa vidole, hazikucheza. Akaufuata waya mweusi wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi, kisha mwenzake unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, kwa sababu waya huo ukilegea gari hufanya vituko visivyo na mpangilio na kompyuta ya gari hulaumu sensa zisizo na hatia. Nyaya nyingine alizikagua kwa kutafuta sehemu iliyochubuka kwa kusugua chuma, plastiki iliyobadilika rangi kwa joto, na alama za meno. Panya wa Dar es Salaam wanapenda injini yenye joto usiku, na anayeegesha gari karibu na dampo la sokoni anajua hasara yake. Humo hamkuwa na kinyesi wala majani ya kiota.

Feni belti aliigeuza kwa vidole ili aone upande wa ndani wenye mifereji. Mikanda ya zamani ilipasuka pasuka ilipozeeka na kila mtu aliiona. Mikanda ya mpira wa siku hizi inaweza kulika hadi mifereji ikakosa kina bila kupasuka popote. Kwa hiyo hapimi kwa macho peke yake. Anapitisha ukucha ndani ya mfereji asikie kina chake. Hii ilikuwa bado nzima.

Mpaka hapo nilidhani ukaguzi unaelekea kwisha. Ulikuwa ndio kwanza unafika mahali pake. Fundi alivuta kigoda, akaketi mbele ya bampa, akanyamaza kidogo. Alikuwa anarudia moyoni lile lililosemwa na dada: linatetemeka likisimama, linatulia likikimbia. Kisha akaniambia kwa upole, kwa kuwa aliona nimepotea, kwamba injini inayonguruma bila kukanyagwa mafuta inavuta hewa kidogo sana kupitia kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, na mvuto ndani ya manifoldi ya hewa unakuwa mkali. Penye ufa, hewa ya wizi huingia kwa nguvu, na hiyo kidogo inatosha kuvuruga. Ukikanyaga mafuta, mlango unafunguka, hewa halali inaingia nyingi, mvuto unapungua, na ile ya wizi inamezwa ndani yake. Dalili ya dada ilikuwa inaelekeza huko tangu jioni.

Alijua hivyo, lakini hakuanzia huko. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akianza na anachokitaka, atakiona hata kisipokuwepo. Doa la boksi, alisema, lisingepata mtu wa kulifuata.

Akaanza na ea klina. Akafungua vibano vya boksi lake, akanyanyua filta, akaitazama dhidi ya jua: vumbi la kawaida, majani mawili ya mwarobaini. Muhimu zaidi kwake ni upande wa pili, ule safi. Akapitisha kidole kitupu ndani ya mfuniko baada ya filta, akakitazama. Vumbi upande huo lingemaanisha filta haikukaa vizuri na injini inakula mchanga. Kidole kilitoka safi. Kutoka hapo akaufuata mpira mkubwa wenye mikunjo unaopeleka hewa kwenye throto, akiufungua mkunjo mmoja mmoja kwa vidole gumba viwili, maana mpira huu hupasuka ndani ya bonde la mkunjo, na ukiuacha peke yake ufa unajifunga usiuone. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Mzima. Akaangalia klipu zake mbili kama zimekaa juu ya shingo au zimeteleza.

Ikabaki mipira midogo: ya breki, ya mvuke wa petroli, na ule mfupi wenye kona unaotoa mvuke wa oili juu ya injini na kuurudisha kwenye manifoldi ili ukaunguzwe. Kila mmoja aliufinya. Mpira mzima hufinyika na kurudi. Ulioungua kwa joto huwa mgumu na hulia ukibonyezwa. Ulioloweshwa na oili kwa miaka huvimba na kuwa laini kupita kiasi. Alipofika kwenye huo mfupi, vidole vyake vilisimama. Kwa juu ulikuwa mweusi na safi. Kwa chini haukuonekana. Ulikuwa umejikunja kuelekea mahali ambapo jicho haliwezi kufika.

Kijana alimpa kioo cha bodaboda bila kuombwa. Fundi akakiteremsha kwa mkono wa kushoto chini ya kona ya mpira, akaleta tochi kwa mkono wa kulia, akavigeuza vyote viwili polepole hadi mwanga ulipogonga kioo na kupanda juu. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akasogea pembeni, bila kukitikisa kioo, akaniachia nafasi niangalie. Ufa ulikuwa upande wa chini wa kona, mrefu kuliko upana wa kidole, kingo zake zimekakamaa, na pembeni yake palikuwa na rangi ya ukavu kwa sababu hewa iliyokuwa ikiingia ilifagia vumbi lote. Mtu aliyebadilisha gasketi alilazimika kuuchomoa mpira huo uliokwisha kukauka kwa miaka ya joto. Aliukunja kuupisha, akaurudisha, akaondoka. Ufa mdogo ukazidi kufunguka kidogokidogo, hivyo dada alikuwa sahihi aliposema lilianza polepole.

Hakusherehekea. Aliwaita vijana, kila mmoja akatazama kwa kioo kwa zamu yake, na kila mmoja akatakiwa aseme anachokiona na si anachokidhani.

Baada ya hapo ndipo mashine ilipotolewa kwenye mfuko wake. Kebo ikaingia kwenye ule mlango wa pini 16 chini ya dashibodi, wa mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996 na nchi nyingine zikafuata. Namba ikatoka: P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli umekosa petroli ya kutosha. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka, sensa ya hewa imechafuka, au hewa inaingia pasipo njia. Sensa ya oksijeni iliyoondolewa kwenye gereji ya kwanza ndiyo iliyokuwa inatoa taarifa hiyo, na taarifa ilikuwa sahihi. Iliachishwa kazi kwa kusema kweli.

Injini ikawashwa. Mtetemo ukaonekana hadi kwenye maji ya chupa iliyokuwa juu ya benchi. Fundi akafungua ukurasa unaoonyesha kompyuta ya gari inaongeza petroli kiasi gani kufidia upungufu: ilikuwa imepita asilimia 20. Akamwambia kijana akanyage mafuta kidogo na kushikilia; kiasi kikashuka. Akaachia; kikapanda tena. Kisha akazungushia tambara kidole gumba, akakipitisha chini ya kona ya mpira, akauziba ufa. Injini ikabadilika sauti mara moja, ikashuka, ikatulia. Akaondoa kidole, mtetemo ukarudi. Akaziba tena. Macho, mkono na mashine vikawa vimesema jambo moja, na hapo tu ndipo alipokubali kulitamka kwa mwenye gari kwa simu.

Alitumwa kijana eneo la Gerezani kununua mpira wenye kona yake ya kiwandani. Fundi alisisitiza usiwe ule wa kukatwa kwenye rola, kwa sababu huo ukikunjwa mahali pembamba kama pale hubanwa katikati na kuziba. Ulipokuja, kuufunga kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Bei yake haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya ile sensa. Kona ya gasketi inayovuja aliiandika kwenye karatasi ya dada, ikiwa na maelezo kwamba haina haraka lakini isisahauliwe, na kwamba siku ya kuirekebisha aje na gasketi mpya, mtu asiongeze silikoni juu ya silikoni.

Hadai kwamba macho yanatosha. Koili inayokufa ikipata moto haionyeshi kitu kwa nje, na sensa inaweza kuoza ndani huku ganda lake likimetameta. Magari yenye magonjwa ya namna hiyo huyapeleka kwenye mashine bila aibu, na kwenye mita ya umeme, na kwenye kipimo cha mgandamizo wa silinda. Anachokataa ni kuanzia huko. Kwa hesabu yangu yuko sahihi, na ningependa vyuo vyetu vya ufundi vimpe mwanafunzi wiki nzima ya kutazama injini mikono ikiwa mgongoni kabla ya kumkabidhi kebo.

Nawe mwenye gari una sehemu yako. Likianza kusumbua, usilipeleke kwanza kuoshwa injini ili usimwonee fundi haya. Vumbi na matope hayo ndiyo atakayoyasoma. Lipeleke jioni, liache lipoe. Mpe muda wa kutazama na umlipe kwa muda huo, hata kama mwisho wake ni mpira wa bei ndogo. Na akikuuliza nani aliligusa mara ya mwisho, mwambie, hata kama aliyeligusa ni wewe.